Kipele Kimepona, Doa Limebaki: Kwa Nini Ngozi Hubadili Rangi

Kipele kilitoka shavuni, kikaiva, kikatumbuliwa, kikapona. Wiki tatu zimepita. Ukipitisha kidole hapo hukuti kitu, ngozi ni laini kama kwingine, lakini kwenye kioo kuna doa jeusi la ukubwa wa kifungo cha shati, na kila asubuhi liko palepale. Mwenye shavu anasema chunusi haijaisha. Imeisha, kilichobaki ni rangi. Kwa kuwa haamini, atanunua kitu kikali cha kukausha chunusi, kikishindwa atatafuta kikali zaidi cha kung'oa doa, na baada ya miezi miwili doa litakuwa limekolea kuliko mwanzo.

Kosa hili linatokana na picha tuliyo nayo vichwani: kwamba rangi ya ngozi ni kama rangi ya ukuta, kitu kilichopakwa juu ambacho kikichafuka kinakwanguliwa. Sivyo. Rangi hiyo hutengenezwa kila siku na seli zilizo hai, na seli hizo zina tabia moja inayoeleza sehemu kubwa ya yatakayofuata hapa: zikichokozwa, hujibu.

Seli zenye mikono

Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi kuna seli ziitwazo melanosaiti. Zina mikono mirefu myembamba kama ya pweza, na kila moja huhudumia seli jirani zipatazo 36. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachogeuza malighafi kuwa melanini, yaani rangi yenyewe, ambayo hufungashwa katika vifuko vidogo mno na kupitishwa mikononi hadi kwa majirani. Vikifika huko, vifuko hujipanga juu ya kiini cha seli, upande unaotazama jua, mfano wa mwavuli. Hiyo ndiyo kazi ya melanini: kukinga vinasaba visiunguzwe na mionzi. Uzuri ni habari tuliyoiongeza sisi.

Idadi ya melanosaiti haitofautiani sana kati ya mtu mweusi tititi na mtu mweupe. Tofauti iko katika kazi yake. Kwa mtu mweusi vifuko ni vikubwa, vina melanini nyingi zaidi, husambazwa kimoja kimoja badala ya kurundikwa, na huchelewa kuvunjwavunjwa. Kwa hiyo ngozi nyeusi ina kinga nzuri zaidi dhidi ya jua, lakini pia ina kiwanda chenye wepesi wa kuongeza uzalishaji kikiguswa kidogo tu. Ndiyo maana mkwaruzo uleule utamwachia mtu mmoja wekundu wa wiki moja, na mwingine weusi wa nusu mwaka.

Likitokea jeraha, muwasho, kuungua au chunusi, kemikali za uvimbe humwagika eneo lile na melanosaiti huzipokea kama amri ya kuongeza kazi. Ziada ikibaki katika tabaka la juu, doa huwa la kahawia, na huondoka taratibu kadiri ngozi inavyojibadilisha. Tabaka hilo hujibadilisha lote kwa wiki nne hadi sita hivi, na kwa kawaida hutakiwa mizunguko kadhaa kabla doa halijafifia. Ukiona krimu inayoahidi kufuta madoa kwa siku saba, hesabu hiyo pekee inatosha kukufanya uirudishe kwenye rafu.

Lakini uvimbe ukiwa mkali, sakafu ya tabaka la juu hupasuka na rangi hudondokea chini yake. Huko humezwa na seli za usafi ambazo hukaa nayo muda mrefu. Doa la namna hii huwa na rangi ya kijivu au ya bluu iliyofifia, laweza kukaa miaka, na krimu nyingi hazifiki lilipo. Watu wawili wanaweza kupaka dawa ileile kwa uaminifu uleule, mmoja akapona na mwingine asione chochote, kwa sababu tu rangi ya mmoja ilikuwa juu na ya mwenzake ilikuwa imezama.

Weusi unaoongezeka

Shingo ndiyo sehemu inayoonewa kuliko zote. Kijana ana weusi nyuma ya shingo, ngozi imekuwa nene kidogo na ukiigusa ni kama mahameli. Nyumbani anaambiwa haogi vizuri. Anasugua kwa dodoki, kisha kwa brashi, kisha kwa jiwe la kusugulia visigino, hadi ngozi inawaka moto. Weusi unabaki, na sasa una michubuko juu yake. Hakuna uchafu pale. Mara nyingi hiyo ni ishara kwamba mwili unatoa insulini nyingi kupita kiasi, jambo linaloandamana na unene na ambalo laweza kuwa njia ya kuelekea kisukari cha aina ya pili. Weusi kama huo hupenda pia makwapa na mikunjo ya mapaja. Kinachostahili kupimwa ni sukari, na uzito ukipungua shingo nayo hupungua weusi bila kupakwa kitu. Ukimpata mtu mzima ghafla, huku anakonda bila sababu, aende hospitali upesi, maana mara chache huwa ni ishara ya saratani ya ndani.

Kusugua peke yake nako huleta weusi. Mifupa inayochomoza, yaani mabega, uti wa mgongo na mitulinga, hubadilika rangi kwa watu wanaojisugua kila siku kwa nyavu ngumu za nailoni. Dawa ni kuacha kusugua, na kwa mtu aliyezoea kuona usafi ni kusikia ngozi ikikwaruzika, hilo ni gumu kweli.

Kuna doa jingine ambalo watu huishi nalo miaka bila kujua chanzo chake. Mtu anameza vidonge, mara nyingi dawa za salfa, dawa fulani za maumivu au baadhi ya antibiotiki. Baada ya saa chache kiduara kimoja mkononi au mdomoni kinaanza kuwasha, kinavimba, kinakuwa chekundu, wakati mwingine kinatoa lengelenge. Siku kadhaa baadaye kinatulia na kuacha doa la zambarau iliyokoza, la duara kana kwamba limechorwa kwa bikari. Miezi inapita. Anameza dawa ileile, na kiduara kinaamka palepale, si sentimita moja kushoto wala kulia. Kinga ya mwili iliacha walinzi katika eneo lile, na walinzi hao hawasahau. Likitokea sehemu za siri, wengi hudhani ni ugonjwa wa zinaa na kuongezewa dawa nyingine bure. Anayejikuta hapa aandike majina ya dawa zote alizomeza siku mbili kabla ya doa kuamka. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko krimu yoyote.

Melasma ni habari nyingine. Haya ni mabaka ya kahawia yanayojitandaza kwenye mashavu, paji la uso na juu ya mdomo, mara nyingi pande zote mbili kwa ulinganifu. Huwapata zaidi wanawake, hasa wakati wa ujauzito au wakitumia njia za uzazi wa mpango zenye homoni, ingawa wanaume hawajasalimika. Homoni huandaa mazingira, na mwanga ndio unaowasha moto. Nasema mwanga, si jua kali peke yake. Sehemu ya mionzi ya jua hupita kwenye kioo cha dirisha, kwa hiyo anayekaa ndani karibu na dirisha hajajificha. Zaidi ya hapo, hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, hasa ule wa bluu na zambarau, huifanya ngozi nyeusi ikolee. Mafuta ya kujikinga na jua yasiyo na rangi hayauzuii vizuri. Yanayouzuia ni yale yenye rangi kama ya poda ya uso, kwa sababu yametiwa oksidi ya chuma, dada yake kutu. Mtu anaweza kujipaka krimu za gharama usiku kucha na mchana akayavunja yote kwa kukosa kitu hicho kimoja. Na hata melasma ikififia, hurudi. Wanaoielewa huichukulia kama shinikizo la damu: huidhibiti, hawasherehekei mapema.

Mara moja moja weusi hutoka ndani kabisa. Mwaka 1855 daktari Mwingereza Thomas Addison alieleza ugonjwa wa tezi zilizo juu ya figo, ambamo mgonjwa hudhoofika, hukonda, na ngozi yake hukolea hata mahali pasipopigwa jua: mistari ya viganja, fizi, makovu mapya. Tezi zikishindwa kazi, ubongo huongeza homoni ya kuziamsha, na homoni hiyo huziamsha melanosaiti pia. Weusi wa namna hii ukiambatana na uchovu na kizunguzungu si kazi ya duka la vipodozi.

Rangi inayopotea

Mabaka meupe huogopesha kuliko meusi, na kwa sehemu kubwa hofu hiyo huelekezwa pasipostahili.

Utangotango, kwa mfano, ni fangasi wa jamii ya hamira anayeishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu bila ubaya. Joto na jasho vikizidi huongezeka, na kemikali anazotoa huzuia melanini isitengenezwe. Mabaka hutokea kifuani, mgongoni na mabegani. Kwangua moja kwa ukucha taratibu: utaona unga mwembamba ukitoka. Dawa ya fangasi humwua kwa wiki chache, lakini rangi huchukua miezi kurudi, kwani kiwanda kinaanza upya. Hapo ndipo watu husema dawa haikufanya kazi, wakanunua nyingine, na nyingine. Kipimo cha kupona ni unga kuisha, si weupe kuisha.

Watoto nao hupata mabaka hafifu mashavuni, yaliyopauka na makavu kidogo. Huhusiana na ukavu na pumu ya ngozi, si minyoo wala lishe kama inavyosemwa mara kwa mara. Mafuta ya kulainisha na subira vinatosha.

Baka lisilofaa kusubiriwa ni lile lililopauka, au jekundu kidogo, ambalo halisikii. Mwambie mtu afumbe macho, umguse kwa ncha ya pamba, kwanza kwenye ngozi nzima, kisha juu ya baka. Asiposema kitu mara ya pili, huo unaweza kuwa ukoma. Unatibika kabisa kwa mchanganyiko wa dawa kwa miezi 6 au 12, na dawa hizo zimekuwa zikitolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 1995. Anayechelewa hupoteza neva, na hizo hazirudi.

Kisha kuna vitiligo, ambayo wengi huiita mbalanga. Baka lake ni jeupe kama chokaa, halina unga, na linasikia kama kawaida. Huwapata kati ya mtu mmoja na wawili katika kila watu 200. Kinga ya mwili hugeuka na kuziua melanosaiti. Vitiligo haiambukizi kwa kugusana, kwa kula pamoja wala kwa kulala kitanda kimoja. Baka jipya hupenda kutokea palipojeruhiwa au panapobanwa na mkanda. Kwa kuwa kinga iliyochanganyikiwa mara nyingine huishambulia pia tezi ya thairoidi, ni busara kuipima.

Tiba ipo, ingawa ni ya mwendo wa kinyonga: krimu za steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) kwa muda uliopangwa, takrolimu (krimu ya kutuliza kinga) kwa uso na mikunjo, na mwanga maalumu wa nanomita 311 mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi mingi. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruksolitinibu, inayowanyamazisha askari hao wa kinga palepale walipo. Tiba ikikubali, rangi hairudi kama pazia linaloshushwa. Hurudi kama nukta. Tazama kwa karibu utaona kila nukta ya kahawia imezunguka shina la unywele, kwa sababu kule chini, kwenye mzizi, kuna akiba ya melanosaiti zilizonusurika. Hupanda, hujitandaza, nukta hukutana na baka hujaa. Sasa unaelewa kwa nini uso hupona kwa urahisi kuliko ncha za vidole na midomo, ambako hakuna nywele, na kwa nini baka lenye nywele nyeupe ni gumu. Wapo pia wanaoamua kuliacha jinsi lilivyo, na huo nao ni uamuzi kamili.

Mkorogo, au jinsi ya kugeuza tatizo dogo kuwa kubwa

Mwaka 1939 madaktari nchini Marekani walitoa taarifa kuhusu wafanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza ngozi za wanyama ambao mikono yao ilikuwa inageuka myeupe. Walikuwa wamevaa glavu za mpira, na mpira huo ulikuwa na kemikali ya jamii ya haidrokwinoni, iliyowekwa ili usichakae. Kemikali iliua melanosaiti zao. Hapo dunia ilijifunza kwamba rangi inaweza kuondolewa kwa dawa, na biashara haikuchelewa kusikia.

Haidrokwinoni, kitu cha kwanza kwenye mkorogo, yaani michanganyiko ya kujichubua ngozi, si sumu ya kukimbiwa. Mikononi mwa daktari, kwa kiwango kinachojulikana na kwa miezi michache, ni kati ya dawa zenye nguvu za melasma. Ubaya ni kuitumia kiholela miaka nenda rudi. Ngozi hukusanya uchafu wa rangi ya bluu nyeusi, vidoti vigumu kama mbegu mashavuni, na hakuna anayeweza kukuahidi kwamba vitaondoka. Mtu alianza akitaka kung'aa, akaishia kuwa mweusi kwa namna ambayo hakuzaliwa nayo.

Kitu cha pili kwenye mkorogo ni steroidi kali. Hii ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu wiki za mwanzo ngozi hulainika na kung'aa kweli. Halafu inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea, chunusi zinalipuka. Ukiacha ghafla uso unawaka na kuvimba, unarudi kupaka ili upate nafuu, na mtego umefungwa. Aliyepaka mwili mzima kwa muda mrefu asiache ghafla bila daktari. Tezi zile za juu ya figo zinaweza kuwa zimelala.

Cha tatu ni zebaki. Huzima kimeng'enya cha melanini, kisha huingia mwilini na kuharibu figo na neva. Hukaa kwenye taulo na mashuka, hivyo humfikia mtoto ambaye hajawahi kupakwa. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, uliopitishwa 2013, uliipiga marufuku kwenye vipodozi isipokuwa kwa kiasi kidogo sana, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kufuta hata nafasi hiyo ifikapo 2025. Kopo halisomi mikataba, bila shaka. Lako likikosa orodha ya viambato, au likikuonya usiliguse ukiwa umevaa pete ya dhahabu au mkufu wa fedha, liache. Zebaki hula vito.

Sasa upake nini?

Anza na kuzima chanzo. Chunusi zinazoendelea kutoka zitaendelea kuacha madoa, kwa hiyo zitibiwe kwanza, na vidole vikae mbali na uso. Muwasho ukiwepo, utulizwe. Bila hilo unafagia huku mti unapukutisha majani.

Pili ni kinga ya mwanga kila siku: kofia pana, kivuli, na mafuta ya jua yenye rangi, yapakwe kwa ukarimu na kurudiwa ukiwa nje. Watu weusi huambiwa hawayahitaji. Kwa kuungua, wengi hawayahitaji sana. Kwa madoa, wanayahitaji kuliko mtu yeyote.

Kisha kitu kimoja, sio vitano. Asidi ya azelaiki ni chaguo ninalolipenda kwa sababu hutuliza chunusi na rangi kwa pamoja na inaweza kutumika hata wakati wa ujauzito. Dawa za jamii ya vitamini A huharakisha ngozi kujibadilisha, lakini hupakwa usiku, kwa kiasi kidogo, mara mbili kwa wiki mwanzoni, na mjamzito asiziguse. Niasinamidi, aina ya vitamini B3, ni pole na nguvu yake ni ya wastani. Kila kipya kijaribiwe kwanza nyuma ya taya kwa siku chache. Kikiwaka moto, usivumilie ukidhani ndiyo dawa inaingia. Kuwaka ndiko kunakoleta weusi. Limau vilevile: maji yake ngozini yakikutana na jua huunguza na kuacha madoa mabaya kuliko lile ulilokuwa unalifuta. Leza na kuchubua kwa asidi vina mahali pake, ila kwa fundi aliyezoea ngozi nyeusi, maana nguvu ikizidi kidogo utarudi nyumbani na ramani nzima.

Piga picha dirisha lilelile, saa ileile, mara moja kwa mwezi. Macho yanayotazama kila siku hayaoni badiliko. Hukumu utaitoa baada ya miezi mitatu.

Kuna weusi mwingine ambao haupewi miezi mitatu. Mwaka 1977 Bob Marley aligundulika ana melanoma, saratani ya melanosaiti, chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, mahali alipodhani ni jeraha la mpira. Alifariki 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Kwa watu weusi saratani hii hupenda hasa nyayo, viganja na chini ya kucha, ambako wachache hukagua. Mistari myembamba ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida kwa wengi wetu na haina neno. Lakini mstari mmoja, kwenye ukucha mmoja, unaopanuka, au weusi uliovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi ya pembeni, au doa la wayo linalobadilika umbo na kuvuja damu: mwenye nalo aende akapimwe wiki hiyohiyo, hata kama anakumbuka vizuri siku aliyojikwaa.